Sage-femme: "mjuzi" ni nani hasa?

Ukipita wodi za wazazi za Bukavu au Bujumbura utasikia mkunga akiitwa sage-femme. Yako maelezo yanayosambaa sana kwamba jina hili la Kifaransa lina maana ya "anayemjua mwanamke", yaani femme ni mama anayejifungua. Yana nia njema, maana yanampa nafasi mkunga wa kiume. Lakini historia ya neno haiyakubali.

Sage hapa ni sifa: mjuzi, mwenye busara. Femme ni mkunga mwenyewe. Tazama wingi wake, sages-femmes: maneno yote mawili yanachukua s, kama kivumishi na nomino yake. Waholanzi nao husema vroedvrouw, mwanamke mjuzi. Kiingereza ndicho kinachomtaja mzazi: midwife kwa asili ni "aliye pamoja na mwanamke".

Na ujuzi huo haukuwa sifa tupu. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa mkunga Angélique du Coudray kibali cha kufundisha ukunga kote Ufaransa. Alitumia mwanasesere wa kitambaa mwenye nyonga na kichanga chake, wanafunzi wakajifunza kwa mikono yao namna ya kumtoa mtoto aliyekaa vibaya. Mwanasesere mmoja kati ya hao amehifadhiwa Rouen, mji wa Ufaransa, hadi leo.

Wanaume walifunguliwa mlango wa kazi hiyo Ufaransa mwaka 1982. Académie française, taasisi inayolinda lugha ya Kifaransa, ilipendekeza waitwe maïeuticien, lakini cheo cha kisheria kimebaki sage-femme kwa wote. Mwanaume anakibeba kihalali, bila haja ya kupindisha asili ya neno.