Virusi Vinavyorudi Kila Ukivifuta

"Fundi, antivairasi imevifuta, lakini nikiwasha tena naviona palepale." Wateja wangu wengi hapa Mombasa huja na malalamiko hayo, na mimi siulizi virusi vyenyewe vinaitwaje. Nauliza flashi ilichomekwa wapi mara ya mwisho.

Mara nyingi jibu ni saiba, yaani duka la intaneti na uchapishaji. Mtu kaenda kuchapisha cheti cha kodi cha KRA au barua ya kazi, akarudi na flashi ambayo kila kitu ndani yake kimekuwa shotikati (njia ya mkato ya kufungulia faili). Mafaili yenyewe hayajapotea, yamefichwa tu. Bofya shotikati moja kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, usome mstari wa Target. Utakuta cmd.exe au wscript.exe, programu za Windows za kuendesha amri, kisha jina la faili lenye mkia wa .vbs au .js. Ukiibofya mara mbili, skripti, yaani hilo faili la amri, inaanza kimyakimya, halafu folda yako inafunguka kama kawaida, nawe hushuku lolote.

Wengi hufuta skripti ya kwenye flashi ilhali nakala yake inaendelea kufanya kazi ndani ya kompyuta, ikingoja flashi nyingine. Huko ni kupiga deki na bomba bado linavuja.

Mimi kwanza nakata Wi-Fi na kuchomoa flashi zote. Naingia Task Manager, nasimamisha wscript.exe, ndipo nasaka kinachoiamsha. Folda ya Startup na orodha ya Run kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), zenye programu zinazojiwasha zenyewe, hukaguliwa upesi. Penye ujanja ni Task Scheduler, ratiba ya kazi ambazo Windows huzianzisha yenyewe: humo utakuta kazi yenye jina la heshima, mithili ya sasisho la kivinjari, lakini ukifungua Actions inaita wscript na faili la herufi za ovyoovyo ndani ya AppData, folda ambamo programu huweka data zake. AppData peke yake si ushahidi, maana hata OneDrive huwekwa humo. Kinachonishtua ni wscript na faili la jina la ovyo humo kukutana. Autoruns, programu ya bure ya Microsoft, hukuonyesha sehemu hizi zote mahali pamoja. Nafuta ile kazi, kisha faili lenyewe.

Baada ya hapo natumia Microsoft Defender Offline, ukaguzi wa antivairasi ya Windows yenyewe, ambayo hukagua kabla Windows haijapanda; huchukua kama dakika 15. Lakini tazama kwanza Exclusions, orodha ya vitu ambavyo Defender huvirukwa bila kuvikagua. Ile Office "ya bure" uliyowekewa na jamaa huenda ilidai folda yake isikaguliwe, na Defender ikatii. Hizo kraki, programu zilizovunjwa leseni, sizitetei kabisa, hata mteja anune.

Kurudisha mafaili ya flashi, fungua Command Prompt uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako, kisha futa shotikati na ile skripti.

Nywila zibadilishe kwa simu, ukianza na barua pepe, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kwani aliyeiba vidakuzi (cookies, alama za kivinjari zinazokukumbuka umeingia) huingia bila nywila. Defender ikigoma kuwaka baada ya yote hayo, sipotezi muda: nahifadhi picha na nyaraka, nafuta diski, napandisha Windows upya kwa flashi iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Nachagua Windows 11 mashine ikiiweza, kwani Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Na ukienda kuchapisha tena, tuma waraka kwa barua pepe ya saiba kutoka kwenye simu yako, flashi ibaki nyumbani.