Je, wajua jirani wa kweli wa asidi amino ni nani?

Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizoungwa moja baada ya nyingine. Sasa, asidi amino namba 10 inagusana na zipi? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa namba 9 na namba 11. Si uongo. Ila ni jibu la mtu wa Bagamoyo anayeulizwa jirani zake ni akina nani, naye akawataja ndugu walioachiana ziwa: mmoja yuko Tanga, mwingine Songea, na ukuta wa nyumba yake umeegemea wa mtu mwingine kabisa.

Usuli kwa ufupi. Aina za kawaida za asidi amino ni 20. Zinapoungana, kila kiungo hutoa molekuli moja ya maji, ndiyo maana kinachosalia ndani ya mnyororo huitwa baki. Mnyororo hujikunja ukapata umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi. Umbo la kwanza la protini kuonekana lilikuwa la mioglobini (protini ya misuli inayohifadhi oksijeni) ya nyangumi, lililochorwa na John Kendrew na wenzake mwaka 1958 kwa eksirei. Hifadhi ya dunia ya maumbo ya protini ilianzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7; leo yamepita 200,000.

Kosa langu lilitokana na jedwali. Wachunguzi wa maumbo haya huchora mraba: namba za mabaki zinapangwa juu, zilezile zinapangwa pembeni, na kila mahali ambapo mabaki mawili yanagusana wanatia doa jeusi. Mara ya kwanza kuchora jedwali la mioglobini, yenye mabaki 153, niliona mstari mnene mweusi unaokata mraba kutoka kona hadi kona, na madoadoa yametawanyika huku na huku. Nikamwonyesha mwenzangu ule mstari kwa fahari: tazama jinsi jirani wanavyoshikana! Yale madoadoa nikayaita uchafu.

Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Ule mstari hausemi lolote, na hesabu yake haihitaji hata kompyuta. Umbali kati ya kaboni alfa (kaboni ya katikati ya kila asidi amino) ya baki moja na ya baki linalofuata ni angstromu 3.8 hivi, katika karibu kila protini (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Hatua mbili, hata mnyororo ukivutwa ukanyooka kama kamba ya nanga, haziwezi kuzidi 7.6. Na kipimo nilichotumia kilisema mabaki "yanagusana" kama kaboni zao ziko chini ya angstromu 8. Kwa hiyo namba 10 lazima "iguse" 9 na 11, na 8 na 12 pia, hata protini ikiwa imekunjwa, imenyooshwa au imeharibika. Katika mioglobini hizo ni jozi 303 kati ya 11,628, zote nilizipata bure, nami nikazishangilia. Wenye uzoefu hufuta ule mstari kabla hawajaanza kusoma. Wengi hawaangalii jozi yoyote ambayo namba zake hazijapishana kwa 6 au zaidi, na wanaotafuta habari nzito huanzia 24.

Habari yote imo kwenye uchafu.

Hili lilinikaa sawasawa barazani kwa shangazi yangu, Bagamoyo, ambako vikapu vinashonwa mchana kutwa. Kikapu hakisukwi kizima. Kwanza unasukwa ukili, utepe mrefu wa miyaa, pima kadhaa. Kisha ukili huo mmoja unazungushwa, na ukingo wa mzunguko wa juu unashonwa kwenye ukingo wa mzunguko wa chini kwa shazia. Nilimwomba ukili mmoja, nikautia namba kwa kalamu ya wino kila wanda mmoja. Alinitazama, akauliza, "Mwanangu, huo wino unatoka?" Nikamwambia unatoka. Hautoki.

Alipofika ubavuni, pale kikapu kinapokuwa hakitanuki tena, mzunguko mmoja ulimeza nyanda 40. Nikasoma mshono: namba 110 imeshonwa na 150, 111 na 151, 112 na 152. Ukitembea juu ya ukili kutoka 110 hadi 150 unauzunguka mwili mzima wa kikapu. Ukivuka mshono unafika kwa hatua moja. Ukizitia jozi hizo kwenye jedwali, zinajipanga mstari sambamba na ule mnene wa katikati, lakini mbali nao. Baadhi ya protini zina mistari ya namna hiyo hasa: vipande viwili vya mnyororo vimelala ubavu kwa ubavu, vyote vikielekea upande mmoja.

Kisha chukua ukili huohuo, uukunje urudi nyuma juu yake mwenyewe kama kibanio cha nywele. Sasa 10 inakaa na 30, 11 na 29, 12 na 28. Jumlisha: 40, 40, 40. Kwenye jedwali mstari unakuja umekingama, unakatiza ule wa katikati. Mkunjo huu umejaa kwenye protini, na mtu aliyezoea anautambua kwa jicho kabla hajaona picha ya protini yenyewe.

Namna ya tatu ni mzunguko mdogo sana, kama uzi uliozungushwa kwenye penseli. Mzunguko mmoja unakula mabaki 3.6 tu, hivyo namba 10 inajikuta karibu na 13 na 14. Huu unaunenepesha tu mstari wa katikati. Mioglobini kwa sehemu kubwa ni mizunguko ya aina hii, ndiyo maana mstari wangu ulikuwa mnene kiasi kile. Kwa hiyo unene wake ulikuwa na maana kidogo. Kidogo.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu neno "kugusana" linadanganya. Atomu haina ngozi. Mgusano ni mpaka aliouchora mchunguzi: mmoja anapima kaboni beta, ile ya kwanza kwenye tawi la pembeni la baki, na kukata kwenye angstromu 8 (glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, haina kaboni beta, kwa hiyo inapimwa kwa alfa), mwingine anapima atomu yoyote nzito, yaani isiyo hidrojeni, na kukata kwenye 4 au 5. Badilisha mpaka, na majirani wanabadilika. Pia eksirei hupigwa kwenye fuwele, ambamo molekuli zimepangwa kama matofali. Mgusano kati ya tofali na tofali unaweza usiwepo kabisa ndani ya seli.

Lakini mgusano mmoja tu waweza kuumiza. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu. Chanzo chake ni baki la 6 la mnyororo uitwao beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu: asidi glutamiki imeondoka, imeingia valini. (Wanaohesabu kwa kufuata jeni huliita la 7, kwa kuwa wanahesabu na methionini ya mwanzo ambayo baadaye hukatwa. Mabishano ya namba hii yamepoteza muda wa watu wengi.) Valini hukwepa maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inaingia kwenye kijishimo cha molekuli ya jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Molekuli inashika molekuli, zinakuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Namba 6 na 85 hapa hazimo hata kwenye mnyororo mmoja.

Migusano inaweza pia kukisiwa bila kuona umbo. Ukilinganisha protini ileile kwa viumbe wengi, ukaona namba 20 ikibadilika na 75 nayo inabadilika, huenda zinagusana, na badiliko la moja lilidai badiliko la nyingine. Huenda: mabaki mawili hubadilika pamoja kwa sababu nyingine pia, ukoo ukiwemo. Hata hivyo fununu za aina hii zilikuwa sehemu ya mtaji wa AlphaFold, programu ya kukisia maumbo ya protini, iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024.

Shangazi, akikata uzi kwa meno, aliuliza nikikifumua kikapu namba zitakwenda wapi. Haziendi popote. Ukili unabaki mzima, 110 bado inafuata 109. Kilichopotea ni kukaa kwake na 150. Ndivyo linavyokuwa yai likichemshwa. Moto haukati minyororo, unafumua mishono, kisha minyororo ya ute inashonana ovyo na ya jirani mpaka inakuwa kitu kigumu cheupe.

Nikamweleza pia kuhusu ribonyukliezi, protini ya mabaki 124. Christian Anfinsen aliifumua kwa kemikali, akaziondoa kemikali, nayo ikajikunja yenyewe ikarudi umbo lake na kazi yake. Akapewa Nobel mwaka 1972. Si kila protini hufanikiwa hivyo peke yake.

Shangazi aliweka shazia chini. Akataka kujua huo ukili unaojishona wenyewe unauzwa wapi, na pima moja ni bei gani.