Rivolva za fataki: kabla hujanunua "pambo" mnadani

Tangu Kanuni za Silaha za Kale zianze kutumika hapa Uingereza tarehe 22 Machi 2021, kitengo chetu cha makumbusho kinaulizwa mara kwa mara na Waafrika Mashariki wanaoishi hapa: je, rivolva ya zamani, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, inahitaji kibali? Wauzaji huwaambia kwamba haihitaji, kwa kuwa haitumii risasi za kisasa. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Rivolva ya fataki hujazwa kwa mbele. Kila tundu la silinda hutiwa baruti, kisha gololi ya madini ya risasi ikashindiliwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu. Nyuma ya tundu kuna chuchu ya chuma, nayo huvishwa fataki, yaani kikofia cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Mbinu ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1807, mikononi mwa Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland. Mmarekani Elisha Collier alikuwa na rivolva mwaka 1818, ila yake ilitumia jiwe la gumegume.

Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya Uingereza mwaka 1835 na ya Marekani mwaka 1836. Kwake, kuvuta nyundo kulitosha kuzungusha silinda na kuifunga tundu likiwa sawa na mtutu. Kati ya chuchu na chuchu aliweka kuta, maana moto ukirukia tundu la jirani, gololi hutoka pasipo na mtutu. Hatari hiyo haikuisha. Bunduki zake za silinda za mwaka 1855 ziliwajeruhi askari mkono wa kushoto, ule unaoshika mbele ya silinda.

Rivolva nyingi za fataki za Colt hazikuwa na chuma juu ya silinda. Mwingereza Robert Adams, mwaka 1851, alifua fremu na mtutu kwa chuma kimoja, na kifyatulio chake kikavuta nyundo chenyewe. Kwangu hiyo ndiyo fremu bora ya kipindi kile. Remington nao, kiwanda cha silaha cha Marekani, kwa hataza ya Fordyce Beals ya mwaka 1858, walifunga fremu juu. Ukiishika ya matoleo ya baadaye, tazama nyuma ya silinda: kati ya chuchu kuna vijinafasi vya kupumzishia nyundo isiguse fataki. Mtu aliyebuni hivyo alijua anashughulika na silaha, si pambo.

Sasa sheria ya England, Wales na Scotland. Rivolva halisi ya kale ya fataki haihitaji cheti mradi unaihifadhi kama pambo au kumbukumbu. Ukikusudia kuipiga, hata mara moja, unahitaji cheti cha silaha. Nakala iliyotengenezwa juzi inahitaji cheti hata ikining'inia ukutani tu. Kufanana na ya kale hakuifanyi ya kale, na jambo hili tumelieleza mno. Kumiliki bila cheti kunaweza kukufunga hadi miaka 5. Ukiiwekea silinda ya kisasa ya risasi zenye ganda, inahama kundi na kuwa bastola iliyopigwa marufuku: kwa mtu mzima kifungo kwa kawaida hakipungui miaka 5, na chaweza kufika 10. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi 3 au zaidi huzuiwa kumiliki hata ya kale kwa miaka 5; cha miaka 3 au zaidi, maisha yake yote.

Wanaotaka kuituma Mombasa au Dar es Salaam waelewe kwamba msamaha huu ni wa hapa tu. Ulizeni polisi wa huko kwanza, kwa maandishi.

Ukiikuta katika mali ya marehemu, usivute nyundo wala kung'oa fataki, kwani baruti yaweza kuwa imo bado. Iache ilipo, mwondoe kila mtu chumbani, piga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, na usiibebe kwenye basi kuileta kwetu.