Homa ya Madoa Inayoenezwa na Kupe

Homa ya madoa ya kupe ni kundi la maradhi yanayosababishwa na bakteria wa jenasi ya Rickettsia, ambao humwingia mtu au mnyama anapofyonzwa damu na kupe mwenye vimelea hivyo. Bakteria hao hushambulia kuta za ndani za mishipa midogo ya damu, na ndiyo maana ngozi ya mgonjwa huweza kutokwa na madoa.

Katika eneo la magharibi mwa Kenya, anayetuhusu zaidi ni Rickettsia africae, ambaye amepatikana kwa wingi katika kupe wakubwa wenye mgongo wa rangirangi, Amblyomma variegatum, waliotolewa kwenye mifugo. Kupe jike huwarithisha watoto wake bakteria huyo kupitia mayai. Ng'ombe, kwa kawaida, haonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo mfugaji wa Siaya au Busia asidhani kwamba zizi lenye mifugo minono halina hatari. Ndigana kali, ambayo pia huletwa na kupe na huua ng'ombe wengi, ni ugonjwa mwingine kabisa na haumpati binadamu. Mbwa naye hubeba kupe wa kahawia anayeeneza Rickettsia conorii, ambaye homa yake huweza kuwa kali zaidi.

Kwa mtu, homa huanza takriban wiki moja baada ya kung'atwa, pamoja na maumivu ya kichwa na ya misuli, mitoki iliyovimba na, mara nyingi, kidonda kidogo chenye gamba jeusi mahali kupe alipong'ata. Kidonda hicho hujificha kwenye kinena, nyuma ya goti au kwapani, na huenda kusiwe na madoa hata kidogo. Kwa kuwa ukanda wa Ziwa Victoria una malaria nyingi, kila homa hushukiwa kuwa malaria. Lakini kumpa dawa ya malaria mchungaji ambaye kipimo chake hakikuonyesha malaria, bila hata kumkagua ngozi, ni kumdhulumu. Dawa inayofaa ni doksisaiklini, kwa maagizo ya daktari, wala penisilini haiutibu ugonjwa huu.

Kupe aliyeng'ang'ania ngozi hushikwa kwa kibano karibu kabisa na kinywa chake, akavutwa taratibu bila kupondwa wala kupakwa mafuta ya taa, kisha mahali hapo pakaoshwa kwa sabuni.