Don Wehby: mhasibu wa GraceKennedy ndani ya Wizara ya Fedha ya Jamaika

Wengi wanamkumbuka Don Wehby kama aliyekuwa bosi wa GraceKennedy, kampuni iliyoanzishwa Kingston mwaka 1922, inayouza vyakula, bima na huduma za benki, na kupokea pesa wanazotuma Wajamaika walioko nje. Wasichokitazama sana ni mwaka 2007, Waziri Mkuu Bruce Golding alipomteua mhasibu huyu kuwa seneta na waziri asiye na wizara maalumu, akafanya kazi Wizara ya Fedha chini ya Audley Shaw. Alikaa miaka miwili. Kwa mtu wa hesabu, hapo ndipo penye mengi ya kusoma.

Kwanza mlango alioingilia. Seneti ya Jamaika ina viti 21: 13 huteuliwa kwa ushauri wa Waziri Mkuu, 8 kwa ushauri wa kiongozi wa upinzani. Hakuna jimbo wala kura, ndiyo maana mtaalamu anaweza kutoka ofisini leo na kuapishwa kesho. Lakini njia hiyo ina mpaka wake. Muswada wa fedha huanzia Baraza la Wawakilishi, na Seneti ikiukalia mwezi mmoja, unaweza kwenda kutiwa saini bila ridhaa yake. Basi seneta mhasibu anaandaa hesabu, lakini vita ya bajeti inapiganwa na wenzake waliochaguliwa.

Pili ni vitabu vyenyewe. Kampuni huandika gharama siku inapotokea. Serikali wakati huo iliandika pesa inapotoka. Chukua mfano: hospitali imepokea dawa za dola milioni 40 tarehe 20 Machi, zikalipwa tarehe 10 Aprili. Mwaka wa fedha wa Jamaika unaishia Machi 31, kwa hiyo bajeti ya mwaka uliopita inaonekana nzuri ilhali deni lipo. Ukilimbikiza ankara za namna hiyo wizara baada ya wizara, nakisi inajificha. Mhasibu wa kampuni huuliza mapema: ankara zipi hazijalipwa, na zina siku ngapi? Naliona swali hilo kuwa na faida kuliko hotuba nyingi za bajeti.

Hata hivyo, swali zuri halileti pesa. Mtikisiko wa fedha duniani ulipofika, pesa za kutoka ng'ambo zilipungua, na mwaka 2009 viwanda vitatu kati ya vinne vya alumina, malighafi ya aluminiamu, vikafungwa. Deni lilikuwa limeshapita pato la taifa, na katika mwaka wa fedha 2009/10 riba peke yake ilimeza zaidi ya nusu ya mapato ya serikali. Ukikata semina, magari na safari zote, bado hujaigusa namba hiyo. Anayebaki kuzungumza naye ni mwenye hati fungani, yaani aliyeikopesha serikali.

Wehby aliondoka 2009 na kurudi GraceKennedy, akawa mtendaji mkuu 2011. Mazungumzo hayo yalikuja Januari 2010: wenye hati za ndani zenye thamani ya takriban dola bilioni 700 za Jamaika waliombwa wazibadilishe kwa hati zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Karibu wote, takriban asilimia 99, walikubali. Hati zaidi ya 300 zikawa chache zinazohesabika kwa urahisi.