Jasho la kontena: kwa nini mashine mpya hufika imeshika kutu

Giaboksi ilikuwa mpya, ndani ya sanduku la mbao, imezungushiwa nailoni nzito mara tatu. Kontena lilishushwa Dar es Salaam, likapakiwa kwenye lori hadi Njombe bila kufunguliwa. Halikuwa na tundu, na njia nzima mvua haikunyesha. Tulipochana nailoni, maji yalitiririka kutoka kwenye mikunjo yake. Shafti ilikuwa imeshika kutu, na katikati ya kutu hiyo zilikuwapo alama nne za vidole, mistari yake yote inasomeka, kana kwamba mtu amechovya mkono kwenye wino wa kahawia akaishika. Mtu huyo aliishika ng'ambo ya bahari, siku ya kufunga mzigo. Jasho la mkono lina chumvi, na chumvi huvuta maji.

Maji yale hayakuingia njiani. Yalifungwa pamoja na mzigo. Hilo ndilo jasho la kontena: unyevu uliokuwa ndani tangu mwanzo, ukatoka hewani na kuwa matone baada ya joto kushuka.

Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyobeba mengi zaidi. Ikipoa hulemewa, na ile ziada hutua kwenye chochote cha baridi kilicho karibu. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ikiwekwa mezani Kariakoo hulowa nje baada ya dakika chache, wala haivuji. Kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa matone huitwa joto la umande. Kwa hewa ya Dar ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, joto la umande ni kama nyuzi 26. Tofauti ni nyuzi 4 tu! Chuma kilichopoa kiasi hicho kuliko hewa inayokizunguka tayari kinalowa. Na si lazima kilowe: unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, kutu hupata kasi hata kama huoni tone, na palipo na chumvi huanza mapema zaidi.

Tufanye hesabu kidogo. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo kama 33. Hewa ya Dar niliyoitaja hubeba karibu gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ndani ya kontena tupu mna gramu 800 hivi, haijafika hata lita. Likifika Njombe mwezi wa saba, usiku wa nyuzi 10, hewa hiyo inaweza kubaki na gramu 9 tu kwa mita. Nusu lita inadondoka. Ni maji ya kuharibu, ndiyo, lakini hayatoshi kueleza yale tuliyoyakuta sisi.

Mengine hutoka kwenye mbao. Kilo 300 za paleti na masanduku, ikiwa asilimia 20 ya uzito huo ni maji, zina lita 60. Mchana bati la kontena linachomwa na jua, mbao zinatoa mvuke. Usiku paa linapoa, mvuke unageuka matone chini yake na kudondokea mzigo. Kesho yake hivyo hivyo, wiki baada ya wiki baharini na bandarini. Watu wengi huona muhuri wa HT kwenye paleti wakaridhika. Muhuri ule unasema mbao ilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 ili wadudu wafe. Hausemi kwamba mbao ni kavu. Ukavu unapimwa kwa kifaa chake, nacho hakigharimu chochote ukilinganisha na bei ya giaboksi.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuiamini nailoni peke yake. Inazuia mvua na vumbi, na hapo inafanya kazi nzuri. Lakini ukiifunga juu ya chuma kilichokaa na hewa ya pwani umeufungia unyevu mlemle. Aliyewahi kupanga mabati mapya yakiwa yamelowa anajua: maji yanabanwa kati ya bati na bati, hewa haipiti, na baada ya siku chache unakuta unga mweupe. Hiyo ni kutu ya zinki. Mabati hayohayo yakisimamishwa kwa mshazari, yametenganishwa na vipande vya mbao kavu, hukauka yenyewe.

Kwa mashine, kazi huanza na kusafisha. Sehemu zisizo na rangi zifutwe mafuta machafu na alama za mikono, zikaushwe, ndipo zipakwe grisi au oili ya kuhifadhia, na kuanzia hapo anayezishika avae glavu. Grisi iliyopakwa juu ya alama ya kidole huilinda kutu, si chuma. Juu yake hufuata karatasi au nailoni maalumu ambayo mafundi huiita VCI. Imetiwa kemikali inayogeuka mvuke polepole, ikajaza nafasi yote na kutanda juu ya chuma hadi kwenye matundu ambayo brashi haifiki. Inafanya kazi mahali palipofungwa tu. Ukiacha upande mmoja wazi mvuke huo unaondoka zake. Na si kila aina inafaa shaba, hivyo soma lebo kabla ya kuzungushia pampu yenye sehemu za shaba.

Safari ikiwa ndefu, mashine huingizwa kwenye mfuko wa karatasi ya aluminiamu unaounganishwa kwa joto, pamoja na vifuko vya silika jeli, ndugu wakubwa wa vile vipakiti vya kwenye viatu vipya. Vinanyonya unyevu, na vinashiba. Katoni ikiachwa wazi asubuhi nzima ghalani pwani, unachoweka ndani ya mfuko mchana ni silika iliyokwisha kunywa. Kadi ndogo ya kupima unyevu, inayobadilika rangi, iwekwe mahali inapoonekana bila kuchana mfuko.

Mzigo ukifika usiukimbilie kwa kisu. Chuma kizito huchelewa kupata joto. Ghala likifunguliwa saa mbili asubuhi hewa ya joto inaingia, na mashine iliyolala baridi inalowa mbele ya macho yako. Mfuko ubaki umefungwa hadi chuma kilingane na joto la chumba. Mota itakayokaa miezi, hita yake ndogo iwashwe, na shafti izungushwe kila mwezi ili gololi za beringi zisikandamize sehemu ileile. Transfoma kubwa mara nyingi husafirishwa bila mafuta, imejazwa naitrojeni au hewa kavu yenye presha kidogo. Kabla ya kusaini karatasi za dereva, tazama geji yake. Ikisoma sifuri, hewa ya nje imepata njia ya kuingia. Andika, piga picha, lori likiwa bado limesimama.