Risiti za teksi, namba 041 hadi 052

Nikimwambia mtu hapa Moshi kwamba nazitetea kampuni za bima, jibu ni lile lile: "Kumbe ninyi ndio mnaowanyima watu fidia!" Siku hizi sibishani, naagiza chai nyingine.

Kwenye kesi nyingi za ajali hatugombani kama gari liligonga. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ipo, mchoro wa trafiki upo, dereva alishakiri na kulipa faini. Ugomvi ni kiasi. Fidia ya jumla, ile ya maumivu na usumbufu, hakimu huikadiria mwenyewe. Hasara mahususi, yaani matibabu, nauli na kipato kilichopotea, ni lazima itajwe kwenye hati ya madai kisha ithibitishwe, shilingi kwa shilingi. Basi kazi yangu kubwa ni kusoma risiti.

Niliwahi kupokea faili la abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari aina ya Noah njia ya Himo. Mguu ulivunjika kweli. Nilimwona akipanda ngazi za mahakama kwa magongo. Ila humo ndani mlikuwa na risiti 12 za teksi za kwenda kliniki hospitali ya KCMC, za miezi minne. Namba 041 hadi 052, zimefuatana, wino mmoja, mwandiko mmoja. Teksi gani hiyo isiyopata abiria mwingine miezi minne? Nadhani safari alizifanya, risiti hakuomba, akaja mjuaji mmoja akamshauri.

Mwenye Noah naye alinitesa. Wito wa mahakama aliuchomeka kwenye dashibodi, akaniletea siku ya 17, na utetezi unatakiwa uwasilishwe ndani ya siku 21. Tena alishaenda wodini kuahidi "nitagharamia kila kitu". Ni utu, sikatai, lakini mkataba wa bima humkataza kukubali deni bila idhini ya kampuni.

Kampuni ilitaka zile risiti ziangushe kesi nzima. Nikawaandikia kurasa mbili: bima ya lazima, Sura ya 169, iliwekwa kwa ajili ya huyo mwenye magongo, na mguu wake haukughushiwa.

Kwenye usuluhishi nilizipanga mezani kwa namba, sikusema neno. Wakili wa yule abiria akazitazama, akazikusanya, akazirudisha kwenye mkoba. Kabla ya saa saba tulikuwa tumeelewana. Nauli tulilipa pia, kwa bei ya daladala.